Kigae Kina Mwenyewe

Katika kijiji cha Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, ukingoni mwa Ziwa Nyasa upande wa kaskazini, akina mama wa Kikisi hufinyanga vyungu. Kazi hii ni ya urithi: binti huipokea kwa mama yake, naye mama aliipokea kwa bibi. Udongo huchimbwa, hukandwa, hupewa umbo kwa mikono, hukaushwa, kisha huchomwa. Vyungu hupangwa mtumbwini na kupelekwa sokoni Matema, na kutoka huko husafiri mpaka Kyela, Tukuyu na Mbeya. Jamaa nyingi za nyanda za kusini zimepikia vyungu vya Ikombe na kunywea maji ya mitungi ya Ikombe tangu zamani.

Walakini chungu hakidumu milele. Siku moja huponyoka mkononi kikawa vigae. Hapo ndipo tungependa msomaji asimame nasi kidogo. Kigae kilichoachwa njiani humkata mtoto unyayo. Je, mama wa mtoto akiuliza, "Hiki ni cha nani?" atajibiwaje? Mwenye chungu aweza kusema, "Changu kilikuwa chungu. Hiki si chungu tena, wala sina haja nacho." Jibu hilo mtu yeyote mwenye akili atalikataa. Atamwambia, "Chungu kilikuwa chako, na kigae ni chako. Njoo ukiokote." Neno hili dogo, ambalo hata mtoto hulielewa, ndilo mataifa makubwa yanalobishania leo, si kwa habari ya vyungu vya udongo, bali kwa habari ya vyombo walivyovipeleka angani.

Tangu tarehe 4 Oktoba 1957, Warusi walipoirusha Sputnik, wanadamu wamepeleka juu maelfu ya vyombo vinavyoizunguka dunia, ndivyo tuviitavyo satelaiti. Vingine hupeleka habari, vingine hupiga picha za mawingu, vingine humwonyesha baharia njia. Kila kimoja kina umri wake. Mafuta huisha, mitambo huharibika, nacho hunyamaza. Lakini kunyamaza si kuanguka. Chombo kilichokufa huendelea kuzunguka kama kilivyozunguka kilipokuwa kizima, kwa mwendo upitao kilomita 7 kwa kila sekunde. Kwa mwendo huo mtu angetoka Kyela akafika Dar es Salaam kabla dakika mbili hazijatimia. Pamoja na vyombo hivyo huzunguka mapipa matupu ya roketi zilizovipandisha, vifuniko, misumari, na vipande vya vyombo vilivyopasuka. Shirika la Anga la Ulaya lilieleza mwaka 2025 ya kuwa vitu vinavyofuatiliwa huko juu ni kama 40,000, na kati ya hivyo vyombo vizima vinavyofanya kazi ni kama 11,000 tu. Vipande vidogo, lakini vinavyozidi sentimita 1, vyakadiriwa kupita milioni moja.

Mtu atauliza: mbona havianguki? Huanguka, lakini kwa zamu ya kila kimoja, kwa kadiri ya kimo chake. Kwenye kimo cha kilomita 400 bado kuna hewa kidogo sana, nayo hukipunguzia chombo mwendo hata kikashuka na kuungua kabla ya miaka mingi kupita. Kwenye kilomita 800 hewa karibu haipo, na chombo chaweza kukaa miaka mia na zaidi. Kwenye kilomita 1,000 yahesabiwa kwa mamia na maelfu ya miaka. Satelaiti ya Ulaya iitwayo Envisat ilirushwa mwaka 2002, ikanyamaza Aprili 2012. Uzito wake ni tani 8, na iko karibu na kilomita 800. Vitukuu vyetu watazaliwa, watazeeka na kuzikwa, nayo ingali inapita juu ya makaburi yao.

Msomaji asidhani ya kwamba mambo haya ni ya mbali, wala hayatuhusu sisi watu wa Afrika ya Mashariki. Karibu na Malindi, baharini mbele ya Ngomeni, Waitalia walisimamisha jukwaa liitwalo San Marco, na kutoka hapo satelaiti ya kwanza ilirushwa tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru wake, Wamarekani walirusha kutoka jukwaa lile lile satelaiti ya kuchunguza nyota, wakaipa jina la Kiswahili, Uhuru. Uhuru ilifanya kazi yake, na mwaka 1979 ikashuka ikaungua. Katika miaka yetu, Kenya imepeleka chombo chake kidogo cha kwanza mwaka 2018, na kingine kiitwacho Taifa-1 mwezi Aprili 2023. Uganda ilipeleka chake mwaka 2022. Kwa hiyo sisi nasi tumekwisha kuingia katika ushirika wa watu wenye vyombo angani, hata kama tumeingia wa mwisho na mikono yetu ni midogo.

Tena vigae vimekwisha kutufikia nyumbani. Tarehe 30 Desemba 2024, yapata saa tisa alasiri, watu wa kijiji cha Mukuku katika Makueni, nchini Kenya, waliona kitu kikubwa cha chuma kimeanguka kutoka mbinguni. Kilikuwa pete ya madini, upana wake mita mbili na nusu, uzito wake kama kilo 500. Hakuna aliyeumia, nasi twashukuru. Shirika la Anga la Kenya lilikichukua, likaeleza ya kuwa ni pete ya roketi, ya aina ambayo ilipasa iungue ikishuka au ianguke mahali pasipo na watu, likaanza kumtafuta mwenyewe ili sheria za mataifa zifuatwe. Watu wa Mukuku hawakuirusha roketi hiyo. Hawakuulizwa kama yafaa ipite juu ya mashamba yao. Walikuwa kazini mwao tu, na chuma kikawajia.

Wala haikuwa bahati mbaya tupu iliyoichagua nchi iliyo karibu na Ikweta. Mwaka 2022 wataalamu walichapa uchunguzi wao juu ya mapipa ya roketi yanayoachwa yashuke yenyewe pasipo kuongozwa. Wakaona ya kuwa hatari ya kuangukiwa katika latitudo za miji kama Lagos, Dhaka na Jakarta yapata mara tatu ya hatari iliyopo katika latitudo za New York, Beijing na Moscow. Methali yasema, mfinyanzi hulia gaeni. Yaani mwenye kazi ndiye abakiye na kilicho duni. Huku angani methali imegeuzwa juu chini: mfinyanzi hulia sahanini, na jirani ndiye awekewaye gae.

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi si ya kuanguka, bali ya kugongana huko huko juu. Tarehe 10 Februari 2009, juu ya Siberia, kwenye kimo cha kilomita 790 hivi, satelaiti ya Kirusi Kosmos 2251, iliyokuwa imekufa miaka mingi, iliigonga satelaiti ya Kimarekani Iridium 33 iliyokuwa nzima na kazini. Maiti ilimwua aliye hai. Vilizaliwa vipande zaidi ya 2,000 vinavyoweza kuonekana kwa mitambo, na vidogo visivyo na hesabu. Miaka miwili kabla yake, Januari 2007, Wachina waliivunja kwa kombora satelaiti yao wenyewe ya hali ya hewa ili kujaribu silaha, vikatoka vipande zaidi ya 3,000. Mtaalamu wa Marekani, Donald Kessler, pamoja na mwenzake, alikuwa ameonya tangu mwaka 1978 ya kwamba taka za angani zikizidi kiasi zitaanza kuzaana. Kipande kitavunja chombo, chombo kitakuwa vipande, na kila kipande kitatafuta chombo kingine, hata kama mwanadamu hatarusha kitu kipya. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Je, hilo lina maana gani kwa mvuvi wa Ikombe? Lina maana kubwa. Mvuvi anayetoka usiku kutafuta dagaa anahitaji kujua kama upepo wa kusini utachafua ziwa kabla hajarudi. Habari za namna hiyo, pamoja na habari za mvua na mafuriko, huduma za hali ya hewa za Afrika huzipata kwa msaada mkubwa wa picha za satelaiti. Baadhi ya satelaiti hizo zikaa mbali sana, kilomita 36,000 juu ya Ikweta. Nyingine hupita juu ya ncha mbili za dunia kwenye kilomita 800 hivi, yaani katika njia ile ile iliyojaa vigae kuliko nyingine. Njia hiyo ikiharibika, si tajiri peke yake atakayepata hasara. Tajiri ana meli kubwa, naye aweza kungoja bandarini. Mwenye mtumbwi ndiye atakayetoka pasipo kuonywa.

Sasa mafundi wameanza kubuni safari za kwenda kuviondoa vyombo vilivyokufa. Tuwasifu, kwa kuwa kazi yao ni ngumu kuliko tunavyoweza kufikiri. Chombo kilichokufa hakijibu kikiitwa, na mara nyingi hupinduka-pinduka kama mzoga uliochukuliwa na mafuriko. Hakikutengenezwa na mpini wa kukishikia. Anayekwenda kukikamata sharti akifuate kwa mwendo ule ule, akisogelee polepole, akiangalie kinavyozunguka, ndipo akishike pasipo kukivunja. Kwa maana akikivunja amezidisha kile alichokwenda kukipunguza. Mwaka 2018 Waingereza na wenzao wa Ulaya walijaribu kutupa wavu angani, na mwaka 2019 wakajaribu chusa, kama mvuvi amchomavyo samaki mkubwa. Lakini yote hayo walivitupia vitu walivyovichukua wenyewe kwa ajili ya jaribio. Mwaka 2021 kampuni ya Kijapani, Astroscale, ilijaribu kushika kwa sumaku. Mwaka 2024 chombo cha kampuni hiyo hiyo kilikifuata kipande cha roketi ya Kijapani chenye uzito wa tani 3 hivi, kilichoachwa huko tangu mwaka 2009, kikakikaribia mpaka mita 15, kikakipiga picha. Kukiangalia tu kulikuwa ushindi.

Nalo Shirika la Anga la Ulaya lilitia sahihi mwaka 2020 mapatano ya euro milioni 86 na kampuni ya Uswisi, ClearSpace, ili kukiondoa kipande kimoja cha roketi chenye uzito wa kilo 112. Msomaji aangalie hesabu hiyo vizuri: fedha nyingi namna ile kwa kitu kisichozidi uzito wa magunia mawili ya mchele. Tena mwaka 2023, kabla ya safari kuanza, iligunduliwa ya kuwa kipande hicho chenyewe kimegongwa na taka nyingine, na baadaye ikabidi kuchagua chombo kingine cha kukamatwa. Maji yakimwagika hayazoleki, na hata yakizoleka, huzolewa kwa kijiko cha dhahabu.

Hapa ndipo penye swali letu. Kazi hii ya kusafisha ni kazi ya namna gani? Je, ni hisani, ambayo anayeifanya apewe shukrani, na asiyeifanya asilaumiwe? Au ni deni? Sisi twasema ni deni. Na kwa kuwa wako watu wema na wenye elimu wanaosema vingine, yafaa tuyapime maneno yao kwa haki.

Wa kwanza husema: anga ni kubwa. Vitu 40,000 katika nafasi isiyo na mipaka ni nini? Maneno hayo huyasema pia mvuvi anayeacha wavu wake uliokatika majini. Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700. Wavu mmoja utaleta madhara gani? Lakini wavu hauendi kukaa mahali pasipofaa kitu. Hubaki pale pale palipotegwa, yaani penye samaki, nao huendelea kuvua usiku na mchana, samaki wasiokuja kuliwa na mtu. Vivyo hivyo angani. Njia zenye manufaa ni chache, nazo ndizo zilizojaa. Ukubwa wa ziwa haumsaidii mtu ambaye mahali pake pa kuvulia pamekwisha kuharibiwa.

Wa pili husema: waliorusha vyombo vile vya zamani hawakuvunja sheria yoyote, wakati ule hapakuwa na kanuni ya kuviondoa, na elimu ya hatari ilikuwa changa. Neno hili lina kweli ndani yake, wala hatutaki kulipuuza. Lakini twapaswa kutenga mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, nayo ni hatia na wajibu. Mtu aweza kuwa hana hatia, na hata hivyo akawa na wajibu. Ng'ombe wangu akikata kamba usiku akala mahindi ya jirani, pengine mimi sikukosa, kamba ilikuwa mpya na fundo lilikuwa zuri. Hakuna atakayeniita mwovu. Lakini asubuhi nitakwenda kwa jirani na mkono wa kulipa, kwa sababu ng'ombe ni wangu. Maziwa yake nayanywa mimi. Basi na madhara yake yatanirudia mimi. Anayesema, "Sikujua," amejitetea juu ya jana. Hajajitetea juu ya leo, maana leo anajua.

Tena sheria ya mataifa imekwisha kukiri nusu ya jambo hili, na nusu hiyo ndiyo inayotushangaza. Mkataba wa mwaka 1967 wasema ya kwamba anga za juu ni eneo la wanadamu wote, na hakuna taifa liwezalo kulitwaa liwe lake. Lakini mkataba huo huo wasema ya kuwa chombo kilichorushwa hubaki mali ya mwenyewe hata kikiwa huko juu. Maana yake ni kwamba hakuna mtu aruhusiwaye kugusa chombo kilichokufa cha taifa jingine bila ruhusa, ingawa kinamhatarisha. Basi twaona haki ya umiliki imelindwa mpaka kaburini na kupita kaburi, lakini mkataba haumlazimishi mwenye mali kukiondoa kilichokufa. Ni kama mtu aliyeacha mtumbwi mbovu mdomoni mwa bandari ya Itungi, akasema, "Msiuguse, ni wangu," na walipomwambia, "Haya, uondoe," akajibu, "Siutumii tena." Haki na wajibu ni mapacha. Anayemchukua mmoja na kumtupa mwingine hajachukua mali, amechukua upendeleo.

Ya kuwa deni hili laweza kudaiwa, dunia imekwisha kuona mara moja. Januari 1978 satelaiti ya Kirusi Kosmos 954, iliyokuwa na mtambo wa nyuklia, ilianguka kaskazini mwa Kanada. Serikali ya Kanada ilisafisha, kisha ikadai kwa mkataba wa mwaka 1972, na mwaka 1981 Warusi wakakubali kulipa dola milioni 3 za Kanada, karibu nusu ya zilizodaiwa. Kwa hasara ya duniani mkataba huo hautafuti kosa, aliyerusha hulipa. Lakini kwa hasara inayotokea huko juu, mdai sharti aonyeshe kosa la mwenziwe, na nani awezaye kuonyesha kosa la kitu kilichokufa, kisichoongozwa na mtu? Hapo mlango umebaki wazi, na wengi hupita.

Wa tatu ni yule anayeuliza kwa uchungu, naye twamheshimu kuliko wote: fedha za kufagia anga zatoka wapi, na hali vijiji vingi havina maji safi na zahanati ziko mbali? Swali hili ni la haki, na jibu lake ni hili: fedha hizo zisitolewe kwa mwenye kiu. Ndiyo maana tumesema ni deni, wala si hisani. Ingekuwa hisani, ingeshindana na hisani nyingine, na kwa kweli maji yangetangulia. Lakini deni hulipwa na mdaiwa, kutoka katika faida aliyoipata kwa kitu kile kile. Kampuni inayouza habari kwa njia ya satelaiti ihesabu kuiondoa satelaiti hiyo katika gharama yake tangu siku ya kwanza, kama mjenzi anavyohesabu choo katika gharama ya nyumba. Asiyeweza kulipia mwisho hana uwezo wa kulipia mwanzo.

Liko na jambo la nne, ambalo halisemwi mara nyingi. Mkono uwezao kukikamata chombo kilichokufa waweza pia kukikamata kilicho kizima. Chusa kinachochoma taka chaweza kuchoma satelaiti ya adui. Kwa hiyo kusafisha kukifanywa kwa siri na taifa moja, majirani wataingiwa na hofu, na hofu itazaa silaha, na silaha zitazaa vigae kuliko vyote tulivyokwisha kuviona. Anayekwenda kufagia uwanja wa watu wote yafaa aseme anakwenda lini, atagusa nini, na kwa ruhusa ya nani, na wengine wamwone akifanya. Kazi njema hutaka mchana.

Baada ya kusema juu ya wakubwa, ni wajibu wetu kusema na sisi wenyewe. Liko jaribu linalomjia mtu aliyechelewa kufika karamuni: kusema, "Wao wamekula na kumwaga, sasa ni zamu yangu kumwaga." Ni kweli ya kuwa vyombo vya Kenya na Uganda ni vidogo. Kile cha kwanza cha Kenya kiliachiliwa Mei 2018 kutoka kituo cha kimataifa cha angani, na kwa kuwa kituo kiko chini, kwenye kilomita 400 hivi, chombo kilishuka kikaungua kufikia mwaka 2020. Hakikuacha kigae. Lakini tusijisifu upesi. Usafi wetu ulitokana na kimo tulichopewa kuliko na nia tuliyokuwa nayo. Wema wa kweli utapimwa siku tutakapokuwa na fedha za kupanda juu zaidi. Siku hiyo, kabla ya kuuliza chombo kitafanya nini, tuulize kitaondokaje.

Nyumba yaanza kutengenezwa, ijapokuwa polepole. Kwa miaka mingi ushauri wa wataalamu ulikuwa kwamba chombo kilichomaliza kazi katika njia za chini kiondoke kabla ya miaka 25. Mwaka 2022 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilipitisha kanuni kwamba satelaiti zilizo chini ya mamlaka yake ziondoke katika miaka 5. Mwaka 2023 tume hiyo iliitoza faini ya dola 150,000 kampuni moja ambayo haikuipandisha satelaiti yake iliyozeeka mpaka kimo ilichoahidi cha kuvitengea vyombo vilivyostaafu. Faini ni ndogo kwa kampuni kubwa. Lakini ilikuwa ya kwanza ya namna yake, nayo imesema kwa sauti ya sheria kile ambacho mama wa Ikombe angekisema kwa sauti ya kawaida: njoo ukiokote.

Twashauri mambo matatu. Kwanza, kila taifa la Afrika ya Mashariki linalotunga sheria ya anga litie ndani yake sharti la mwisho: pasiwe na ruhusa ya kurusha bila mpango wa kuondoa, na pasiwe na mpango bila dhamana ya fedha iliyowekwa mapema, ili kampuni ikifilisika, deni lisife pamoja nayo. Pili, katika mikutano ya mataifa wajumbe wetu wasikae kimya kwa kuona haya ya uchache wa vyombo vyetu. Watu wa Mukuku hawana satelaiti hata moja, lakini wana haki ya kusema, maana wana paa na mashamba na watoto. Tatu, mataifa matatu au manne yaliyoacha juu vyombo vikubwa kuliko vyote yaombwe, na yakikataa yaulizwe tena hadharani, kuanza na vile vizito vilivyo katika njia zilizojaa, kwa gharama yao.

Na wazazi wasiliache jambo hili kwa serikali peke yake, kwa sababu tabia hii haianzi angani. Inaanza pale mtoto anapomaliza kula akaacha sahani, na mvuvi anapokata wavu mbovu akautupa majini, na mwenye duka anapomwaga chupa tupu mtoni. Kila mmoja wao amejifunza kwamba kazi huisha pale faida inapoishia. Mtoto aliyefundishwa kuokota kigae chake, akikua akawa fundi wa roketi, hatahitaji mkataba wa kumkumbusha. Vyungu vya Ikombe vikivunjika, udongo huurudia udongo baada ya muda mrefu, kwa kuwa vilitoka humo. Chuma kilichopandishwa kwenye kilomita 800 hakina udongo wa kukirudia. Kisipoteremshwa na aliyekipandisha, kitabaki juu ya vichwa vya watu ambao hawajazaliwa bado, nao watatuuliza ni cha nani.